Mbebaji Aliyekataa Kubebwa

Kama hujawahi kuwaona watu wa Kumurama wakibeba mgonjwa, ndugu yangu, bado hujatuona. Njoo masika, wakati kijito cha bondeni kimefurika na gari haliwezi kufika kwetu hata likilipwa dhahabu. Utasikia filimbi moja, halafu utaona wanaume wanatoka mashambani na matope miguuni, kila mmoja akijua nafasi yake. Ingobyi inashushwa darini kwa mwenyekiti: hicho ndicho kitanda chetu cha mianzi na kamba, chenye miti miwili ya kuweka mabegani. Mgonjwa analazwa, anafunikwa blanketi, na safari ya kupanda kilima kuifuata barabara ya Kibondo inaanza. Hakuna anayeuliza huyu ni nani, anasali wapi, wala babu yake alitoka ng'ambo gani ya mpaka. Najivunia kuzaliwa hapa, na sioni haya kulisema.

Mimi naitwa Winifrida. Ndimi mhudumu wa afya wa jamii hapa kijijini, yule mama wa daftari anayepita nyumba kwa nyumba. Hadithi ninayowasimulia inanihusu na mimi, na si kila mahali nimo upande wa wema. Wenyewe wameniruhusu kuisimulia, tena wamesema niwataje majina.

Ilikuwa asubuhi ya kiangazi, nami nimesimama langoni kwa Ndayikeza. Yeye alikuwa kivulini anatengeneza mizinga ya nyuki, anapuliza vumbi kwenye magome. Mkewe Claudine alikuwa anamenya mihogo, na binti yao Akimana anafagia ua huku anaimba nyimbo za kwaya. Moshi mwembamba ulitoka jikoni. Ungepita pale ungesema, hawa wamebarikiwa.

"Mwakeye, Baba Akimana!" nikasalimu kwa Kiha chetu, nikipiga makofi taratibu.

"Twakeye, dada Winifrida. Habari za kwako?"

"Njema. Za hapa? Mna mgonjwa yeyote?"

"Oya, hakuna. Hapa ni amahoro tu, dada. Sisi wazima."

Nikaweka tiki kwenye daftari, nikaenda nyumba ya pili.

Wenzangu wa Buha mnajua salamu zetu zilivyo. Unainama, unapiga makofi, unauliza habari za watu, za mbuzi, za shamba, na mwenzako anakujibu kwamba kote ni kwema. Hata paa likiwaka moto, kwanza ni kwema, ndipo uombe maji. Ni adabu nzuri na sitaki ife. Lakini salamu si uchunguzi wa afya, na mimi niliyefundishwa kazi hii nilipaswa kulijua hilo. Ikumbukeni hiyo tiki yangu, nitairudia.

Sasa huyo Ndayikeza ni mtu gani? Ni mwanamume wa miaka arobaini na kitu, mpana wa mabega, mchache wa maneno. Katika ingobyi nafasi yake ilikuwa mbele kushoto, ambayo ndiyo ngumu kuliko zote, kwa kuwa njia yetu inainamia upande huo. Nafasi hiyo hakuna aliyempa wala aliyethubutu kumwomba. Ameshabeba wajawazito, wazee na waliovunjika miguu. Alimbeba hata mtu aliyemtukana mnadani wiki moja kabla, naye hakumkumbusha.

Babu zake hawakuzaliwa hapa. Baba yake alivuka kutoka Burundi akiwa kijana, mwaka ule wa sabini na mbili, akalima, akaoa, mwishowe akapewa uraia wa nchi hii. Ndayikeza mwenyewe alizaliwa Tanzania na ni Mtanzania kama mimi. Lakini mnajua watoto walivyo na midomo. Shuleni walikuwa wakimwita mtoto wa mgawo, yaani wa unga wa wakimbizi, na jina hilo lilimkaa moyoni kama mwiba uliovunjikia ndani.

Mwaka ule mambo yake hayakuwa mazuri. Batobato ilikuwa imepiga mihogo yake misimu miwili mfululizo, na mbuzi walikuwa wamebaki wawili. Ndipo ukaitishwa mkutano mkuu wa kijiji, pale uwanja wa shule, ili kupitisha orodha ya kaya zisizo na uwezo wa kulipia matibabu. Mtendaji wetu ni Bi Faudhia, mtoto wa wenye maduka wa Kasulu mjini, mwanamke mwenye sauti ndogo na kichwa kigumu.

"Kaya nitakayoisoma," akasema, "ikipata mgonjwa, naiandikia barua. Ile barua inakwenda kwa afisa ustawi wa jamii hospitalini, wanaangalia namna ya kusaidia. Si sadaka, ni utaratibu. Anayeona jina limekosewa aseme."

Akasoma. Alipofika jina la saba akasema, "Kaya ya Ndayikeza."

Ndayikeza akasimama, kofia mkononi.

"Bi Mtendaji, shikamoo."

Faudhia ni mdogo kwake, akacheka kidogo. "Baba, mimi ndiye wa kukuamkia."

"Naiamkia ofisi. Baba yangu alisimama kwenye mstari wa mgawo wa unga, sahani mkononi, jina lake likasomwa kwenye karatasi na mtu asiyemjua. Alipokuwa anakufa aliniambia, mwanangu, jina lako lisisomwe hivyo tena. Nakuomba ulifute. Mpe mwenye shida. Mimi nabeba, sibebwi."

Mkutano ukalipuka kwa makofi. Vigelegele vikapigwa. Mwenyekiti akatikisa kichwa kwa furaha, akasema hao ndio wanaume. Na mimi, ndugu zangu, mimi mhudumu wa afya, nilipiga makofi hadi viganja vikauma. Nilijisikia fahari ya kuwa jirani yake. Ni Bi Faudhia peke yake ambaye hakupiga. Alipitisha mstari mmoja juu ya jina lile, taratibu, kama mtu anayekata kitambaa asichokuwa na uhakika nacho.

Siku chache baadaye nilimkuta Claudine kijitoni, anatoa mihogo aliyoloweka. Alinisalimu vizuri, kote kwema, halafu akatazama nyuma yake na kuishusha sauti.

"Dada, nikikwambia neno, utaniaibisha?"

"Sema, mdogo wangu."

"Baba Akimana ana ngiri. Tangu masika yaliyopita. Uvimbe uko hapa kinenani, akilala unarudi, akibeba unatoka. Anajifunga kwa mpira wa ndani wa baiskeli, anakaza, ndipo anakwenda kwenye ingobyi. Alinunua chupa ya dawa mnadani, anakunywa, haimsaidii."

"Na hospitali?"

"Anasema hospitali ni kisu, na kisu ni shamba. Tukiuza shamba, watoto watakula nini? Nikimtajia barua ya kijiji ananinunia siku mbili. Tafadhali, asijue kama nimekwambia."

Nikamwahidi. Na kweli bahati ikatuangukia, maana baada ya wiki mbili lilikuja tangazo kwamba madaktari bingwa watakuwa hospitali ya wilaya, Kibondo, kwa siku tano, na wasio na uwezo waje na barua za vijiji vyao. Nililibandika ofisini, nikalisoma kanisani, na Abdalah wetu wa duka la pembeni akalisoma msikitini. Kisha nikaenda kwa Ndayikeza.

Nitawaambia ukweli wangu bila kuupaka mafuta. Nilisimama langoni, palepale pangu pa siku zote. Kwetu mwanamke kumwuliza mume wa mtu habari za kinena chake ni jambo zito, na mimi nililiona zito kuliko lilivyo. Nikazungumza huku natazama mzinga juu ya mti.

"Mwakeye, Baba Akimana. Madaktari wanakuja. Wanatibu macho, wanatibu presha, nasikia hata ngiri wanapasua."

"Ni vizuri, dada. Wenye shida waende."

"Na hapa?"

"Hapa ni amahoro tu."

Nikaweka tiki. Siku tano zikapita, madaktari wakafunga vyombo vyao wakaondoka. Hata leo nikilifungua daftari lile, tiki hiyo siwezi kuitazama bila kuona aibu.

Masika yakafika. Asubuhi moja filimbi ikalia. Alikuwa Ange, mke wa kijana wa kitongoji cha chini, mimba ya kwanza, uchungu ulimwanza jioni na mtoto haji. Niliona mara moja kwamba huyu si wa kungojea. Nikapiga simu, gari la wagonjwa likasema litatusubiri barabarani. Wanaume wanane wakaja, wanne mabegani na wanne wa kupokezana, na mbele kushoto akasimama Ndayikeza. Nilimwona akilivuta shati ili ule mpira usionekane. Nilimwona, nikanyamaza, kwa sababu Ange alikuwa analia na mvua ilikuwa inanyesha. Mtu akitaka kunyamaza hakosi sababu.

Tulipanda. Njia ilikuwa utelezi mtupu. Karibu na kileleni, pale penye miamba, nikaona mguu wa Ndayikeza unatetemeka. Uso wake ukabadilika rangi.

"Venanti," akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "njoo ushike hapa."

Venanti, kijana mwembamba wa nyumba ya jirani yake, akaja mbio akaingiza bega. Ndayikeza hakuuachia mti mpaka alipohakikisha umekaa vizuri juu ya bega la mwenzake. Ange hata hakutikisika. Kisha Ndayikeza akapiga hatua tatu pembeni, akakaa kwenye majani, akaanza kutapika.

Wenzake wakasimama. Akawapungia mkono kwa hasira. "Mnasimama nini? Pelekeni mtoto wa watu!"

Wakaenda. Mimi nilibaki naye chini ya mwamvuli. Niliukata ule mpira kwa wembe nilionao kwenye mfuko wa kazi, na safari hii sikutazama mzinga wala mti. Uvimbe ulikuwa mgumu, mwekundu, haurudi. Utumbo ulikuwa umebanwa. Nilifundishwa dalili hizo, na nilijua kwamba mtu wa namna hiyo hahesabiwi siku, anahesabiwa saa.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamwuliza.

"Uliniuliza habari, dada," akanijibu huku anasaga meno. "Uliniuliza ugonjwa lini?"

Nikamwinamishia mwamvuli, nikatega sikio kuwasikia wenzake.

Wanaume walirudi wanakimbia, ingobyi tupu inarukaruka mabegani. Ange ameshapakiwa na gari limeondoka. Wakaishusha mbele yake.

"Panda, kaka," akasema Venanti.

"Nitatembea."

"Utatembea wapi? Umelegea kama mlenda!"

"Nimesema nitatembea! Sibebwi mimi. Na mkinifikisha huko watanipasua, watataka nilipe, na jina langu mwenyewe nililifuta mbele yenu wote. Nitawaangalia vipi?"

Akajaribu kuinuka, akaanguka kwa magoti. Hapo Venanti akapiga goti kwenye matope, wakawa wanatazamana sawasawa.

"Kaka Ndayikeza, mwaka juzi ulimbeba mama yangu katika njia hii. Alikuwa amejichafua, ananuka. Nieleze leo mbele ya hawa. Ulimdharau?"

"Oya! Ningemdharau vipi mama?"

"Ulimwona ombaomba?"

"Venanti, acha."

"Siachi. Kama hukumdharau yeye, kwa nini unadhani sisi tutakudharau wewe? Miaka yote hiyo ulikuwa unatuona sisi ni watu gani?"

Mvua iliendelea kunyesha. Ndayikeza aliwatazama mmoja mmoja, wote saba, halafu akainamisha kichwa. Akajilaza mwenyewe kwenye ingobyi. Wakati wanamfunika blanketi nikaona anaficha uso kwa kofia, na nadhani si kwa ajili ya mvua.

Wakamchukua. Nafasi ya mbele kushoto akaishika Venanti, na wembamba wake wote. Nilitembea nyuma yao nikilia na nikijivuna kwa pamoja, kama mama wa bibi harusi.

Barabarani gari la wagonjwa lilikuwa halijarudi. Lakini alikuwa anapita Mansuri, mfanyabiashara wa maharage wa Kasulu, na pikapu iliyojaa magunia. Hakutuacha tumalize kueleza. Aliyateremsha magunia kwenye baraza la mtu asiyemfahamu, akatandika turubai. Mgonjwa akapakiwa, mimi na Claudine, aliyefika anahema, tukapanda naye.

Hospitalini hawakuuliza hela kwanza. Waliiona hali yake wakamkimbiza chumba cha upasuaji. Sisi ndio tuliobaki na hofu yetu pale kwenye benchi. Claudine alinishika mkono akaniuliza, "Dada, tutauza shamba lote au nusu?" Nikamwambia asubiri, nikaenda kutafuta mlango wa ustawi wa jamii.

Afisa alikuwa msichana mdogo kiasi cha kuwa mwanangu. Akapekua orodha ya kijiji chetu.

"Mama, jina lake halipo."

"Lilikuwapo, mwanangu. Tulilifuta mkutanoni. Tukapiga makofi."

Akaweka kalamu chini. "Mlipiga makofi?"

"Ndiyo. Hata mimi."

Akavuta karatasi nyingine. "Atasaidiwa. Nahitaji barua ya mtendaji na maelezo ya kaya yake. Lakini nakuuliza, mama, ile wiki ya madaktari bingwa alikuwa wapi? Angepasuliwa asubuhi, kesho yake angekuwa nyumbani."

Nilitoka nikapiga simu kijijini, na mchana huo pikipiki ikaingia getini, matope mpaka kwenye usukani. Aliyeshuka ni Bi Faudhia, viatu mkononi, barua iko ndani ya mfuko wa nailoni kifuani. Alikuwa ameivuka mito kwa miguu na pikipiki ikasukumwa. Chini ya sahihi yake palikuwa na majina saba, wengine wameweka vidole gumba. Walikuwa ni wale wabebaji, kila mmoja anathibitisha kwamba anaijua nyumba ya Ndayikeza na hali yake. Kama hujaona kitu cha kujivunia maishani, mimi nimekiona, na kilikuwa kimelowa maji.

Daktari alitoka mwishoni mwa mchana. Alisema wamekata kipande cha utumbo kilichokwisha kufa. "Ataishi. Lakini angechelewa mpaka jioni, ningekuwa naongea na mjane." Claudine alikaa chini sakafuni kwa furaha. Shamba halikuuzwa, nusu wala robo. Ange naye alikuwa wadi ya pili na mtoto wa kike mwenye sauti ya filimbi.

Msifikiri mambo yakaishia kwenye sherehe. Ndayikeza alikaa hospitalini majuma mawili, kisha miezi nyumbani. Msimu wa maharage ungempita kama wenzake wasingempandia. Na daktari alimkataza kubeba mzigo mzito tena maisha yake yote. Bega lile la mbele kushoto, kijiji kimelipoteza, na kilichotupotezea si ngiri, ni kuificha.

Kiangazi kilichofuata mkutano mkuu uliitishwa tena. Bi Faudhia alisoma orodha kwa sauti yake ndogo. Watu wakatulia kabla hajafika, maana kila mtu alijua.

"Kaya ya Ndayikeza."

Akasimama, amepungua mwili, kofia mkononi kama mwaka ule.

"Nipo," akasema.

Mtu mmoja nyuma akaanza kupiga makofi. Ndayikeza akainua mkono.

"Msipige. Siku ile mlipiga, na ngiri ilikuwa inanisikiliza. Baba yangu alisomewa jina na watu wasiomjua. Mimi nasomewa na watu walionibeba. Si kitu kimoja. Kama kuna mwingine anayejifunga mipira kiunoni, asimame leo, mimi nimeshamtangulia kwenye aibu, nami nimekuta haina meno."

Kisha mzee mmoja wa kitongoji cha juu akaegemea fimbo yake akasimama, akasema macho yake yana miaka miwili hayaoni vizuri na alikuwa hajui pa kuuliza. Akafuata mama mmoja. Akafuata kijana. Bi Faudhia ilibidi aombe karatasi nyingine.

MAFUNZO

Ndugu zangu wa Kumurama, Busunzu, Kasulu na kwingineko mtakakosikia haya, mafunzo ya hadithi hii ni kwamba mficha maradhi kilio humuumbua, na jirani anayempigia makofi anayeficha ana sehemu yake katika kilio hicho. Ukikosa uwezo, usikae ndani ukihesabu nani atakucheka. Nenda kwa mhudumu wa afya wa mahali pako, nenda ofisi ya kijiji uulize utaratibu wa barua, na hospitalini uliza mlango wa ustawi wa jamii uko wapi. Uliza mapema, wakati bado unatembea kwa miguu yako. Hujaomba sadaka. Kijiji ni ingobyi, leo uko begani, kesho uko kitandani, na heshima ya mtu iko pande zote mbili.

Na kwa wahudumu wenzangu, nawaambieni kwamba tiki ya langoni ni uongo ulioandikwa vizuri. Siku hizi naingia ndani, nakaa, nakunywa maji, ndipo nauliza. Tena siendi peke yangu. Ndayikeza, kwa kuwa habebi tena, ananisindikiza. Tukifika mahali mwenye nyumba akatujibu, "Hapa ni amahoro tu, sisi wazima," Ndayikeza haongezi neno. Anafungua vifungo vya shati lake, anamwonyesha kovu, na anamwambia, "Hata mimi nilisema hivyohivyo." Halafu tunavuta vigoda, tunaanza mazungumzo.